Dola Nane kwa Kila Nyumba

12 Agosti 2002, Jumatatu

Daftari hii ilikuwa ya kuandikia chanjo za surua. Friji ya chanjo iliibwa mwezi wa tano, chanjo haziletwi tena, daftari ikabaki nyeupe. Nimeichukua. Naandika Kiswahili kwa sababu Kifaransa ni cha ripoti, na Kinande nakisema tu, sijazoea kukiandika.

Mimi ni Elsa, muuguzi kwenye kituo cha afya cha masista hapa Bulengera, Butembo. Nina miaka arobaini na mmoja. Mume wangu Zorobabel alipanda kamyo, lori la mizigo, mwezi wa tatu kwenda kununua mchele upande wa Mambasa. Hakurudi. Kamyo pia haikurudi. Kufika Pentekoste watu walikuwa wameacha kuniuliza. Sijalia. Nilingoja machozi kama mtu anavyongoja chafya, yakapita.

Mvua imeanza leo. Wagonjwa kumi na wanne. Mtoto mmoja wa miaka miwili alifika mgongoni mwa bibi yake akiwa amekwisha kufa. Bibi hakuwa anajua. Alikuwa bado anamwimbia.

13 Agosti

Katika chumba cha wazazi kuna wanawake watatu. Wawili walijifungua juzi. Wa tatu ni Sikuli, ambaye mume wake alichukuliwa na askari mwezi wa kwanza kubeba masanduku ya risasi. Alijifungua mvulana tarehe 29 Julai, akamwita Shalom. Anadaiwa dola kumi na nne. Kwetu sheria ni moja, asiyelipa hatoki. Kwa hizo pesa tunanunua dawa, na kwa hizo mimi na Kamate mlinzi tunapata mshahara. Mimi ndiye ninayemwambia Kamate nani atoke langoni.

Sikuli ana siku kumi na tano hapa. Anafagia, anafua mashuka. Hiyo haihesabiwi.

15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria. Mvua.

17 Agosti, Jumamosi

Masœur Victoire, sista mkubwa wa kituo, aliniita ofisini akafunga mlango. Ni Munande wa Lubero, mfupi, anatembea kama mtu anayefukuza kuku. Parokia moja ya Ulaya imemtumia pesa za kujenga maternité mpya, nyumba ya kujifungulia. Alinionyesha barua. Halafu akasema hatajenga.

"Mwezi ya tano balibeba magodoro, balibeba frigo, hata mulango ya choo balibeba," alisema. "Nikijenga nyumba muzuri, njo nitakuwa nabaita bakuye tena."

"Donc tutafanya nini?"

"Donc tutagawia batu. Nyumba zote za avenue zetu mbili. Dola nane kila nyumba, kila mwezi, mpaka Noeli. Ile pesa ikikuwa ndani ya nyumba mia moja na makumi ine, bale bezi batachoka kupiga hodi."

"Na batu batafanya kazi gani ju ya ile makuta?"

"Hapana kazi. Hapana mafundisho. Banapokea, banaenda."

Nilimwambia watakunywa. Alisema ndiyo, wengine watakunywa. Nikamuuliza juu ya mama Nadège, mke wa mfanyabiashara wa mabati, mwenye nyumba ya ghorofa kwenye kona. Naye atapewa dola nane?

"Naye pia. Ukianza kuchagua, itahitaji mutu wa kuchagua. Atakuwa nani? Weye?"

Ni kweli nilikuwa nafikiri ni mimi.

20 Agosti

Tumeandika majina, nyumba kwa nyumba kwenye ile mitaa miwili, mimi na Kamate, kwenye matope. Mia moja na arobaini. Watu wanauliza ni chama gani, ni kanisa gani, ni mganga gani wa kienyeji. Mzee Malachie, anayekaa karibu na mto na kunywa kasiksi, pombe ya ndizi, tangu asubuhi, aliuliza kama atapewa mkononi au mke wake. Mke wake alikufa miaka minne iliyopita. Nilimwambia mkononi.

24 Agosti, Jumamosi

Tumegawa. Kuanzia saa mbili mpaka saa sita. Walisimama kimya kama kwenye mazishi, kila mmoja akiogopa kwamba akicheka itageuka kuwa uongo.

Sikuli alikuwa kwenye orodha kama wengine, ila hakuweza kutoka, basi nilimpelekea kitandani. Akatia kidole kwenye wino, akapiga chapa. Nikamwekea dola nane mkononi. Halafu nikanyoosha mkono wangu, nikazichukua, nikaandika kwenye karatasi yake: deni limebaki sita.

Masœur alikuwa mlangoni. Sikumwona.

"Elsa. Rudisha."

"Masœur, ako na deni."

"Deni ni kitu ingine. Hii ni ya yeye. Rudisha, yeye mwenyewe aseme."

Nilirudisha. Sikuli aliangalia zile noti, akaniangalia mimi, si Masœur. Alitoa dola tatu. Masœur akamwambia aende nyumbani, zilizobaki atalipa polepole. Sikuli alifunga mtoto, akapita kwa Kamate bila kuaga. Aliiacha sabuni yake dirishani. Ilikuwa kipande kidogo, kama ukucha.

Sikuona haya. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

25 Agosti

Malachie alilala kwenye mfereji. Alikunywa zote nane. Nilimwambia Masœur, nadhani kwa furaha kidogo. Alisema: "Ni yake."

2 Septemba

Mvua. Wagonjwa ishirini na wawili. Masomo yameanza.

5 Septemba

Bei ya chumvi imepanda sokoni. Wenye nyumba wawili wamepandisha kodi. Nilimwambia Masœur. Alienda kwao mwenyewe, sijui aliwaambia nini. Mmoja ameshusha.

11 Septemba

Kuna kitu nimekiona, nakiandika kabla sijakitilia shaka. Leo watoto tisa wenye homa. Sita walikuja kwa miguu. Kwa miaka kumi na saba ya kazi hii nimezoea mtoto mgonjwa kuwa kitu kinachobebwa. Analetwa siku ya nne au ya tano, baada ya majani, baada ya maombi, baada ya kuuza kuku, akiwa shingo imelegea. Hawa walikuwa na homa ya jana. Mmoja alilia kwa sababu nilimchoma sindano, akanitukana kwa Kinande. Mtoto anayekufa hatukani.

Niliwauliza mama zao: mbona mmekuja mapema? Mmoja akasema, "Ju niko na kitu mu mukono." Mwingine akasema hajui, aliamka tu akaja.

21 Septemba, Jumamosi

Tumegawa mara ya pili. Watu walikuwa wanaongea. Sikuli alikuja, Shalom amenenepa shingo. Alilipa dola tano pale pale. Nikampa risiti.

Mama Nadège alikuja na mwavuli, akapokea kama malkia anayepokea maua. Nilihisi kumchukia. Ilikuwa karibu faraja, kuhisi kitu.

Yangu niliiweka kwenye droo juu ya ile ya kwanza. Sina cha kununua.

30 Septemba

Nimehesabu kwa ajili ya ripoti. Mwaka jana, Septemba, walikufa watoto tisa wa chini ya miaka mitano kwenye avenue zetu mbili. Mwaka huu watatu. Nilihesabu tena. Watatu.

8 Oktoba

Mvua ya mawe. Mahindi yamelala.

14 Oktoba

Sikuli amemaliza deni. Dola sita za mwisho alizipata kwa kuuza mandazi kwenye njia ya soko. Sukari na mafuta alinunua kwa zile za mwezi uliopita. Masœur alimwambia hongera. Mimi nilipiga muhuri.

20 Oktoba, Jumapili

Jana tuligawa mara ya tatu. Saa sita tulikuwa tumemaliza na watu walikuwa wamekwenda. Masœur alikuwa anaosha mikono. Mimi nilikuwa nimekaa mezani, daftari ya majina chini ya kiwiko, na nyuma yangu mbabula, jiko la makaa, ilikuwa inachemsha makasi na koleo.

Walikuja askari watano. Sisemi wa nani. Hapa wanabadilika na hatuulizi. Kamate aliinua mikono kabla hawajamwambia.

"Mbongo iko wapi? Pesa iko wapi?" mkubwa wao aliuliza. Kijana, macho mekundu.

"Imeisha," Masœur alisema. "Tumegawia batu."

"Batu gani? Makuta ya Bazungu inagawiwa batu gani? Wapi caisse?"

"Hapana caisse, hapana sanduku ya pesa."

Walianza kugeuza vitanda. Mwanamke aliyejifungua asubuhi alitelemka mwenyewe ili wachukue godoro. Mkubwa aliuliza: "Liste. Muko na liste ya bale batu. Ilete, tutaenda kuomba kwa adabu."

Wale wengine walikuwa chumba cha pili. Mkubwa alikuwa amegeuka kumwangalia Masœur. Nilipasua kurasa nne za majina, nikazisukuma chini ya sufuria, kwenye makaa. Sikufikiri juu ya ushujaa. Nilifikiri kwamba jina la kwanza kwenye ukurasa wa kwanza lilikuwa la mwanamke anayeishi peke yake na mabinti watatu. Karatasi ilishika moto. Moshi ulimfanya ageuke.

Alinipiga begani kwa kitako cha bunduki. Nilianguka, sikusikia maumivu. Hilo lilinishangaza kuliko pigo.

Alimshika Masœur kwa kitambaa cha kichwa. "Basi weye njo utakuwa liste," alimwambia. Na kwetu: dola mia tano, kesho kutwa, kabla ya jioni. Wakaondoka naye kwa miguu kwenye mvua. Hakupiga kelele. Aliniambia tu kwa Kinande nisisahau yule mama wa asubuhi, damu ilikuwa bado inatoka.

Nilirudi kwa yule mama. Damu ilikoma saa nane.

Kamate alizunguka avenue zote mbili. Leo baada ya misa wameanza kuja. Nilikaa kwenye meza ile ile, kiti kile kile, wakanirudishia kwa mkono nilichowapa jana kwa mkono. Wengine noti zilikuwa bado zimekunjwa nilivyozikunja. Wengine walikuwa wamekwisha kununua, wakaleta dola mbili, dola moja, jogoo aliyefungwa miguu. Nilikuwa nimewaandika watu hawa kichwani kwa miaka mingi: huyu mvivu, huyu mwongo, huyu anazaa bila akili. Walipita mmoja mmoja.

Malachie alileta dola tano. Alikuwa amenawa uso.

"Mama muganga, tatu nilishakunywa. Unisamehe. Sikujua kama hii mambo itafika."

Sikuli alikuja na nane zote, na Shalom mgongoni. Nilimwambia abaki na mbili. Alisema, "Masœur alinirudishia ya mimi. Na mimi minarudisha." Hakuniangalia.

Kufika saa tisa tulikuwa na mia nne thelathini na saba, na kuku wanne. Nilikuwa ninawaza pa kupata nyingine nilipoona mwavuli. Mama Nadège alikaa mbele yangu bila kukaribishwa, akafungua mkoba.

"Imebaki ngapi?"

Nilimwambia sitini na tatu. Aliziweka mezani.

"Nilipokea mara tatu sawa nyinyi bote," alisema. "Mulikuwa munaniangalia sawa mwizi. Niliona." Akafungua mwavuli akatoka.

22 Oktoba

Masœur amerudi jana jioni, bila viatu na bila kitambaa. Kamate na mzee mmoja wa kanisa ndio waliopeleka pesa. Alilala saa mbili, akaamka, akauliza juu ya yule mama. Leo anafanya kazi. Hasemi, sisi hatuulizi. Mkono wake wa kushoto hauinuki vizuri. Wangu wa kulia pia. Tunasaidiana kubeba ndoo.

26 Oktoba

Wagonjwa watano tu. Mvua.

29 Oktoba

Wagonjwa wanne.

31 Oktoba

Wagonjwa watatu, wote wamebebwa. Wawili wamekufa. Mmoja alikuwa na homa tangu Ijumaa. Baba yake alisema alikuwa anangoja mwezi ugeuke, dola nane zije.

Sasa naelewa kilichotokea. Walimkomboa Masœur na wakabaki bila kitu, kama zamani, na wakarudi kwenye njia zao za zamani: majani, maombi, kungoja.

4 Novemba, Jumatatu

Hakuna mgonjwa asubuhi. Baridi. Nilisimama mlangoni muda mrefu nikiangalia maji yanavyochimba njia.

6 Novemba, Jumatano

Sikuli alifika saa moja asubuhi. Nilifungua kikwembe alichombebea mtoto. Shalom, miezi mitatu na siku nane. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi, midomo ya bluu, pua inafunguka na kufunga. Nimonia. Nilimchoma penisilini, Masœur akampasha joto kifuani mwake, ngozi kwa ngozi. Hatuna oksijeni. Saa nne mtoto akaacha kuvuta pumzi. Ilikuwa kama mtu aliyechoka kubishana.

Nilimuuliza Sikuli mtoto alianza kukohoa lini. Alisema Jumapili.

"Jumapili! Mbona hukukuya? Ungekuya kesho yake, Lundi, tungemuponyesha."

Alikuwa anamfunika mtoto kichwa, kwa makini, kana kwamba mvua itamlowesha.

"Nilikuya Lundi," alisema.

"Hapana, sikukuona."

"Nilifika mpaka kwa kibanda, pale kwa Kamate. Sikukuwa na hata franka moya. Weye ulikuwa umesimama mu mulango. Niliona utanifunga tena, mimi na mutoto. Nani atauzisha mandazi? Nani atalipa? Nikarudi nyumba."

Nilimwambia tusingemfunga. Nilisema hivyo. Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu Agosti, bila hasira yoyote, kama anavyoangalia mtu ubao ulioandikwa bei.

"Ungenifunga," alisema.

Na ni kweli. Ningemfunga. Jumatatu ile, kwenye mlango ule, hakuna mtu aliyekuwa ameniambia nisifanye, na mimi sikuwa nimejiambia.

Masœur alitaka kumpeleka Sikuli nyumbani. Alikataa, akaenda mwenyewe na mtoto mgongoni, amemfunga vilevile alivyokuja naye. Watu njiani walimsalimia, wakamuuliza habari ya mtoto.

7 Novemba

Tumezika. Mvua iliacha kwa saa moja.

Sijalia. Nimekula maharagi.

8 Novemba

Nimemwambia Kamate asimzuie mtu yeyote langoni, mwenye deni au asiye na deni. Aliuliza kama Masœur ameagiza. Nilisema nimeagiza mimi. Alinitazama, halafu akaenda kukaa ndani ya kibanda chake na redio.

Masœur alikuja ofisini jioni kabla hatujafunga.

"Na dawa tutanunua na nini? Weye utakula nini?"

"Sijui."

"Mimi njo nilipaswa kuondoa ile sheria," alisema. "Mimi nilibapa makuta mu mukono moya, mu mukono ingine nikabafunga. Nilikuwa naiona kila siku. Nikanyamaza ju ya dawa."

Aliniuliza kama nataka chai. Hakukuwa na sukari.

15 Novemba

Wanawake wanne wamejifungua wiki hii. Wawili wamelipa nusu, mmoja ameleta viazi, mmoja ameondoka bila kitu, usiku wa kwanza, akikimbia, ingawa hakuna aliyemfukuza. Bado hawaamini.

19 Novemba

Wakimbizi wanafika kila siku kutoka njia ya Mambasa. Wanapita Oicha na Beni, wengine wanashuka mpaka huku. Wanasema mambo ambayo sitaandika hapa. Nimewafunga vidonda tangu asubuhi.

Mmoja, dereva, aliposikia jina langu la ndoa aliuliza kama Zorobabel ni ndugu yangu. Nilisema mume wangu. Alisema kamyo ilichomwa mwezi wa tatu kilomita chache kabla ya mto, na yeye na wenzake waliwazika watu sita kando ya njia, chini ya miti ya kahawa iliyoachwa. Alimjua kwa mkanda wake.

Nilimshukuru. Nilimpa paracetamol, vidonge nane, nikamweleza jinsi ya kunywa.

23 Novemba, Jumamosi

Tumegawa mara ya nne. Orodha hakuna, niliichoma. Masœur alisema basi watu waje tu, sisi tunawajua. Walikuja. Wawili walipokea mara mbili. Wote kwenye mstari waliona, hakuna aliyesema neno. Baada ya saa moja mmoja wao akarudi, akaweka dola nane mezani, akasema alikosea mstari. Wa pili hakurudi.

Sikuli alikuja. Nilimpa. Alisema, "Wasingya," asante ya kwetu, kama anavyomwambia kila mtu.

30 Novemba

Watoto waliokufa Novemba: saba. Wote kabla ya tarehe 23.

5 Desemba

Barua ya Ulaya imefika kwa mkono wa padri. Wanataka kujua maternité imefika wapi. Wanataka picha.

9 Desemba

Masœur ameandika jibu, ukurasa mmoja. Mimi niliongeza hesabu zangu: Septemba tisa na watatu, Novemba saba. Aliniambia niandike pia jina la Shalom. Nilisema ripoti haiweki majina. Akasema, "Hii iweke." Nikaliweka.

14 Desemba

Mkutano kwenye uwanja wa shule. Wakimbizi wamepokelewa katika nyumba za watu, familia thelathini na moja. Masœur aliuliza kama kila familia yao nayo ihesabiwe kuwa nyumba. Ikiwa ni nyumba, kila nyumba itapata sita na kitu, si nane, na hii ndiyo mara ya mwisho.

Walibishana saa nzima. Mwanaume mmoja alisema sisi wenyewe hatukushiba. Alisema kweli. Mama Nadège alisema wakimbizi walio kwake hatawaombea, atawalisha mwenyewe. Malachie alisimama, akashikilia mti.

"Mimi nilikunywa ya kwanza yote, ya pili karibu yote. Hakuna mutu aliniuliza kitu. Sasa bale batu balitembea siku kumi na mbili, munabauliza nini?"

Watu walicheka. Halafu wakakubali, isipokuwa wachache, ambao nao walikuja siku yenyewe kama wengine.

21 Desemba, Jumamosi

Tumegawa mara ya mwisho. Dola sita na nusu. Mwishoni Masœur aligeuza mfuko, akautikisa, watu waone.

Nilifungua droo yangu. Nilichukua zangu za miezi mitano, ambazo hata siku ya kumkomboa Masœur sikuzikumbuka, nikawalipia dawa wanawake watatu walio maternité na kuagiza penisilini kwa dereva anayekwenda Kasindi. Imeisha yote. Sikujisikia mwema. Nilijisikia kama mtu aliyerudisha ufunguo wa nyumba ya watu.

25 Desemba

Noeli. Mvua ndogo. Nyama ya mbuzi kwa masista. Nilikula mara mbili.

27 Desemba

Jibu limefika, limekuja haraka safari hii. Parokia inasikitika. Bila risiti za manunuzi hawataweza kutuma tena. Wanauliza ni nani aliyeruhusu. Masœur alisoma kwa sauti, akaikunja. Alisema ataandika tena, na akikataliwa ataandika kwa wengine. Anaweza kuhamishwa kwa ajili ya jambo hili. Aliniuliza kama nitaendelea na lango wazi akiondoka. Nilisema ndiyo. Akasema, "Basi."

28 Desemba, Jumamosi

Sikuli amehama. Kaka yake ana shamba karibu na Kayna na anataka mtu wa kusaidia kwenye maharagi. Nauli amelipa kwa zile sita na nusu. Nilisikia kwa Kamate. Niliacha kazi saa mbili, nikamkuta kwenye maegesho ya kamyo za kusini, amekaa juu ya kifurushi chake, karai la mandazi limefungwa kwa kamba juu.

Nilikaa kando yake. Hakunikataza. Tuliwaangalia vijana wakipakia kabichi.

Nilimwambia: "Sikuli, unisamehe."

Alikaza kamba ya karai. Ilikuwa imekazwa tayari.

"Mama muganga, ile uniombe siku ingine," alisema. "Leo niko na safari."

Dereva akapiga honi. Nilimsaidia kupandisha kifurushi, kwa mkono wa kushoto, maana bega la kulia bado. Alipanda, akapata nafasi kati ya magunia, akajifunika kichwa. Nilidhani tumemaliza. Halafu akainama juu ya ubao wa kamyo.

"Kule Kayna kuko dispensaire?"

"Iko."

"Banafungaka batu?"

Nilitaka kusema hapana. Nilimjua hata muuguzi wa kule, tulisoma pamoja, naye alifundishwa kama mimi, analipwa kama mimi.

"Sijui," nilisema.

Alitikisa kichwa, kama mtu aliyepewa bei ya haki.

"Nitauliza kwanza," alisema. "Mbele ya kuolewa tena, mbele ya kuzala, mbele ya kitu chochote. Nitaenda kuuliza."

Kamyo iliondoka. Nilisimama mpaka ikazunguka kilima. Halafu nikatembea kwa miguu mpaka kituoni, na kwenye kona ya nyumba ya mama Nadège nikakaa chini kwenye matope mbele ya watu, katikati ya asubuhi. Mwanamke mmoja mkimbizi, ambaye simjui, aliweka ndoo yake ya maji chini akakaa nami. Hakuuliza ni nani aliyekufa.